Usafi unafanyika Jumamosi nzima, Jumanne nyumba imechafuka. Kosa liko wapi?

Kaya ya Watano

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada wa wanaoijua kazi ya usafi wa nyumbani kwa undani, siyo wa kuambiwa "jitahidi tu".

Nyumba ina watu wazima wawili wanaotoka asubuhi na kurudi jioni, na watoto watatu wa shule. Usafi wote umepangwa Jumamosi: kufagia, kudeki, choo, bafu, jikoni, kufua. Unaanza asubuhi, unaisha alasiri. Ikifika Jumanne hali imerudi palepale. Yanayoumiza kichwa hasa ni haya manne.

Sakafu ya vigae ikikauka inanata, ukipita miguu mitupu unaisikia kabisa, na alama za nyayo zinaonekana. Choo kinamwagiwa jiki kila wiki, bakuli ni jeupe pe, lakini harufu ya mkojo haiondoki. Makabati yaliyo juu ya jiko yana mafuta yaliyoganda; ukiyafuta yanahamia pembeni tu. Na kwenye mistari ya vigae vya bafuni kuna ukungu mweusi, unasuguliwa unaisha, wiki mbili umerudi.

Vilivyopo ndani: sabuni ya unga, sabuni ya maji ya vyombo, jiki, siki, soda ya kuokea. Ninunue dawa kali zaidi, au ratiba ndiyo mbovu?

Ndoo Mbili

Usinunue kitu. Hiyo sabuni ya unga iondoe kwanza kwenye habari za sakafu.

Sabuni ya unga imetengenezwa kwa ajili ya nguo, na nguo husuuzwa mara mbili tatu kwa maji mengi. Sakafu nani anaisuuza hivyo? Maji yakishakauka, sabuni pamoja na chumvi zake hubaki juu ya kigae kama utando mwembamba. Utando huo ndio unaonata, na ndio unaokamata vumbi la kila anayepita. Kwa hiyo kadiri unavyozidisha sabuni ili "itakate vizuri", ndivyo inavyochafuka haraka.

Kazi ya kwanza ni kuutoa huo utando. Fagia, halafu deki kwa maji ya moto matupu, bila tone la sabuni. Utaona ndoo inatoa povu ilhali hukutia sabuni. Povu hilo linatoka sakafuni. Mwaga, weka maji mengine, rudia mpaka povu liishe. Kwa sakafu iliyolishwa sabuni ya unga muda mrefu, raundi mbili au tatu ni kawaida. Kama vigae ni vya kauri, maji ya mwisho yatie siki mililita 100 kwa lita 5. Kama ni jiwe la marumaru, terazo au saruji iliyong'arishwa, siki isiguse hapo hata kidogo: asidi inakula chokaa iliyo ndani ya jiwe, na mng'ao ukishaondoka haurudi kwa kudeki, inabidi fundi aje na mashine.

Baada ya hapo deki ya kawaida iwe hivi. Ndoo ya kwanza ina lita 5 za maji ya vuguvugu na kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji. Ndiyo, kimoja. Ndoo ya pili ina maji matupu. Tambara likitoka sakafuni linaingia kwanza kwenye maji matupu, linakamuliwa, ndipo linarudi kwenye ndoo ya sabuni, linakamuliwa tena mpaka lisidondoshe. Deki eneo la kama mita mbili kwa mbili, kisha suuza tambara, ukirudi kinyumenyume kuelekea mlangoni. Usipokiona tena kitako cha ndoo ya pili, maji hayo yamwagwe. Wengi wanadeki nyumba nzima kwa ndoo moja, na kuanzia chumba cha pili kazi yao ni kuhamisha uchafu wa sebuleni kuupeleka vyumbani.

Kufagia kabla ya kudeki hakuna mjadala. Vumbi kavu likikutana na maji linakuwa tope, na tope linakwenda kujificha kwenye kona na chini ya makabati. Na tambara lisilazwe ndani ya ndoo likiwa limeloa. Lifuliwe, litundikwe likauke, la sivyo harufu yake ndiyo utakayoipaka sakafuni kesho.

Kuhusu "dawa kali zaidi": mwaka 1959 mhandisi wa kemia wa Ujerumani, Herbert Sinner, alionyesha kwamba kusafisha kokote kunategemea vitu vinne: dawa, nguvu ya kusugua, joto na muda. Ukipunguza kimoja, kingine lazima kiongezwe. Nyumbani muda ndio unaodhulumiwa kila siku. Dawa inamwagwa na kufutwa papo hapo, halafu inalaumiwa kwamba haina nguvu.

Fundi Sinki

Nidakie hapo kwenye choo, maana kosa lenyewe ni hilohilo.

Jiki si dawa ya kuondoa mawe ya mkojo. Inaua vijidudu na kupausha rangi. Mkojo ukikaa unaacha magamba magumu ya chumvi na chokaa chini ya ukingo wa bakuli, kwenye mashimo yanakotokea maji, na pale yanapoishia maji yaliyotuama. Jiki inalipausha gamba hilo likawa jeupe, kwa hiyo macho yanaridhika, lakini gamba lipo na linaendelea kunyonya mkojo mpya. Gamba linayeyushwa na asidi: siki, asidi ya limau, au dawa ya choo iliyoandikwa kwamba ina asidi.

Ila kwanza zingatia hili. Jiki na asidi yoyote visikutane, hata siki ya jikoni. Vikichanganyika vinatoa gesi ya klorini, na choo ni chumba kidogo kisicho na hewa. Jiki na amonia pia hapana, na mkojo wenyewe una amonia ikiwa umelala. Ndiyo maana ukimwaga jiki kwenye choo ambacho hakijaflashiwa macho yanawasha. Kwa hiyo kama leo kimemwagiwa jiki, flashi mara mbili tatu, fungua dirisha, na kazi ya asidi iache mpaka kesho.

Hiyo kesho fanya hivi. Kwa brashi ya choo sukuma maji ya kwenye bakuli kwa nguvu kuelekea kwenye bomba, mara kumi hivi, mpaka maji yashuke na gamba libaki wazi. Usiposhusha maji, asidi yako itachujuka tu. Kunja vipande virefu vya karatasi ya chooni, viloweshe kwa siki, vibandike chini ya ukingo mzunguko mzima. Siki nyingine, kikombe kimoja au viwili, mwaga pale maji yalipokuwa. Acha usiku kucha. Asubuhi toa karatasi uzitupe kwenye ndoo ya taka (zisiende na maji, zitaziba), sugua, flashi. Gamba la miaka halitoki siku moja. Rudia siku ya pili na ya tatu. Usilikwangue kwa kisu wala stilwaya, utakwaruza kauri, na kwenye mikwaruzo ndiko gamba jipya linakoshikia.

Bakuli likishatakata na harufu bado ipo, basi haitoki ndani ya bakuli. Inama uangalie bawaba za kiti cha choo. Zilegeze, ukiinue kiti chote. Chini ya zile skrubu mbili za plastiki utakuta ute wa njano mzito ambao hakuna brashi inayoufikia. Kagua pia ule mstari choo kinapokutana na sakafu, na ukuta wa pembeni hadi usawa wa goti. Penye wavulana wadogo, penye uchafu mwingi ni hapo nje, siyo ndani. Maji ya moto na sabuni ya vyombo, dakika 10, futa, suuza.

Kama bafuni kuna tundu la maji sakafuni lisilotumika sana, mimina maji lita moja kila wiki. Chini yake kuna kona inayotakiwa kuwa na maji muda wote ili kuzuia hewa ya mtaroni. Yakikauka, harufu inapanda juu na utasugua choo bure.

Kaya ya Watano

Asanteni sana. Swali la haraka: kuna mahali wanashauri kuchanganya siki na soda ya kuokea, ikichemka inang'oa uchafu wote. Naona ingefaa kwa yale makabati na kwa sufuria zilizoungua. Na jiki inatakiwa kiasi gani? Huwa inamwagwa kwa kukadiria.

Masizi

Kutoa povu si kusafisha, ndugu. Siki ni asidi, soda ni kinyume chake. Ukivikutanisha kwenye chupa vinauana, na baada ya dakika moja umebaki na maji yenye chumvi kidogo na gesi iliyokwenda zake. Kila kimoja kina kazi yake kikiwa peke yake. Siki ni ya chokaa: birika, kichwa cha bomba la mvua, madoa meupe ya maji. Soda ni ya mafuta mepesi, harufu na kusugua bila kukwaruza.

Makabati sasa. Mafuta yanayoruka kutoka kwenye jiko yakikaa yanakutana na hewa na joto, yanabadilika kuwa kitu kinachofanana na vanishi, na vumbi linanasia humo. Ndiyo maana kitambaa cha maji kinayahamisha tu. Chukua lita moja ya maji ya moto kiasi cha mkono uliovaa glavu kuvumilia, sabuni ya vyombo kijiko kimoja cha chakula, soda vijiko viwili vya chakula. Chovya kitambaa, kamua kidogo, kilaze juu ya mafuta na ukiache hapo dakika 10. Usisugue. Ukikiondoa, pitisha upande mkavu wa kitambaa kingine. Safu ya juu itatoka nayo. Rudia palipobaki, kisha futa kwa maji matupu, kisha kausha. Kabati la mbao au lililopakwa rangi jaribu kwanza nyuma ya mlango, na dakika 10 ziwe 3, kwa sababu maji yakiingia kwenye kingo za mbao ya kubanwa inavimba na hairudi.

Juu kabisa ya makabati, ambako hakuna anayepaona, tandika magazeti ya zamani. Baada ya miezi miwili mitatu yakunje uyatupe na mafuta yake, utandike mengine. Hapo kazi ya saa nzima imekuwa ya dakika mbili.

Sufuria iliyoungua: ya stili isiyoshika kutu, tia maji ya kufunika palipoungua, soda vijiko viwili vya chakula, chemsha kwa moto mdogo dakika 15, zima, acha ipoe ndani ya maji hayo. Ganda litaachia kwa mwiko wa mbao. Ya alumini usiichemshe na soda, itageuka nyeusi, na nyeusi hiyo siyo uchafu, ni alumini yenyewe iliyobadilika juu yake. Alumini ichemshie maji na siki kidogo au vipande vya limau. Vichujio vya feni ya jikoni navyo vingi ni alumini; maji ya moto na sabuni ya vyombo vinatosha.

Na vyombo vya kila siku vina mpangilio wake: glasi kwanza, vijiko, sahani, mwisho sufuria za mafuta. Chombo chenye mayai au uji wa unga kilowekwe kwa maji baridi, maana maji ya moto yanaupika uchafu ukashika zaidi. Cha mafuta ndicho cha maji ya moto.

Fundi Sinki

Jiki: soma chupa. Ikiwa imeandikwa 3.5%, weka mililita 30 (vijiko viwili vya chakula) kwa lita moja ya maji. Ikiwa 5%, mililita 20. Unapata karibu 0.1% ya klorini, inatosha kuua vijidudu kwenye sehemu ambayo *tayari imeoshwa kwa sabuni*. Narudia hapo kwa sababu uchafu unaila klorini kabla haijafika kwenye kijidudu. Maji yawe baridi, ya moto yanaivunja. Sehemu ibaki imelowa dakika 10, kisha suuza. Changanya ya kutumia leo tu, ya jana imeshapungua nguvu. Na vile vidonge vya kuweka ndani ya tangi la choo viepukwe kama vina klorini, vinakula raba ya ndani, maji yanaanza kuvuja usiku na mchana.

Bi Zamu

Yote mmeyasema vizuri, ila dada au kaka aliyeuliza (hatujui) aliuliza pia ratiba, na mimi naona nusu ya tatizo iko hapo. Usafi wa siku moja unashindwa kwa sababu uchafu haukui sawasawa. Jikoni panachafuka mara tatu kwa siku, dirisha linachafuka kwa miezi. Ukivipa vyote Jumamosi, jikoni pameachwa siku sita na dirisha limesafishwa kabla ya wakati wake.

Chagua vitu vinne tu visivyolala vichafu: sinki, meza na jiko, ndoo ya taka ya jikoni, sakafu ya jikoni. Kwa watu watano wakigawana ni kama dakika 20 baada ya chakula cha usiku. Nguo zisingoje Jumamosi pia. Fua kidogo kila baada ya siku mbili. Rundo la wiki linachosha, halikauki lote, na lisilokauka linanuka. Bafu na choo Jumatano na Jumamosi, dakika 15 kila mara. Deki ya nyumba nzima mara moja kwa wiki, mashuka na foronya vilevile, na kama mashine ina joto la nyuzi 60 tumia hilo, linaua utitiri wa vumbi. Hapo Jumamosi inabaki na jambo moja tu la zamu: wiki hii friji, ijayo madirisha, ijayo feni na taa, ijayo chini ya vitanda. Kwa kuwa ni moja, saa mbili asubuhi mmeshamaliza.

Feni za dari mnazisahau halafu vumbi linashukia mashuka safi. Zima, ingiza foronya kuukuu kwenye pangaboi kama unaivika, bana pande zote mbili, vuta kuja kwako. Vumbi linabaki ndani ya foronya. Na siku hiyo anza juu, malizia sakafu.

Watoto wapewe eneo, siyo kazi. Ukisema "osha vyombo", vyombo vitaoshwa na sinki litaachwa na makombo kwenye kichujio, maji yametapakaa na dodoki limezama. Ukisema "sinki ni lako wiki hii", halafu ukaeleza sinki lililokwisha likoje: tupu, kichujio kimemwagwa, kingo zimekaushwa, dodoki limekamuliwa na kusimamishwa, hakuna tena ubishi. Andika hayo kwenye karatasi, bandika ukutani hapohapo. Zamu ibadilike kila wiki, siyo kila siku. Ya kila siku mtoto anajua kesho si yake.

Ndoo Mbili

Naunga mkono, ila bafu mara mbili kwa wiki kwa watu watano naona haitoshi kama hawakaushi kuta.

Bi Zamu

Wakikausha inatosha. Wasipokausha hata kila siku haitoshi, na hapo tunaingia kwenye ukungu wa muulizaji ambao hamjamjibu.

Masizi

Ukungu basi. Usiusugue ukiwa mkavu, unapeperusha mbegu zake bafu zima, na utazivuta puani. Osha kwanza mistari kwa sabuni na brashi ya meno ya zamani, suuza, acha ikauke. Kisha jiki, na hapa kipimo ni kikali kuliko cha Fundi Sinki: sehemu moja ya jiki kwa sehemu tisa za maji. Ukiipulizia ukutani itateremka kabla haijafanya kazi, kwa hiyo sokota pamba au karatasi ya chooni kama kamba nyembamba, ilaze kwenye mstari, iloweshe, iache dakika 15. Dirisha wazi, glavu, nguo usiyoijali, na siki ikae mbali. Toa, suuza kwa maji mengi.

Hiyo inafaa kwenye kigae na mstari wake. Kwenye dari iliyopakwa rangi, mbao au plasta, jiki inapausha juu tu na maji yake yanaingia ndani kuunywesha ukungu uliobaki. Huko ni sabuni, kukausha vizuri, na kutafuta unyevu unatoka wapi.

Umerudi baada ya wiki mbili kwa sababu ukuta haukauki. Mtu wa mwisho kuoga apitishe raba ya kuvutia maji kutoka juu kwenda chini, sekunde 30, dirisha liachwe wazi nusu saa au zaidi. Pazia la bafu livutwe lote, lisiachwe limekunjamana. Na kama mstari ni mweusi sehemu moja tu, daima ileile, bonyeza kigae cha jirani kwa kidole gumba. Kikicheza au kikilia mvungu, maji yanapita nyuma yake. Mstari huo ukwanguliwe mpaka chini na kujazwa grauti mpya (ule ujazo wa katikati ya vigae), ukae siku nzima kabla ya mtu kuoga.